Chipu Ndogo ya Kianjokoma

Nafundisha umeme katika chuo cha ufundi mjini Meru, na kwa miaka mingi nilijiona fundi kuliko mafundi. Aliyenishusha ni mwanamke anayetengeneza redio na televisheni pale Makutano. Siku hizi nikisikia mtu anasifiwa ufundi, namfikiria yeye kwanza.

Mimi naye tulikuwa tunaunda mashine ya kuchambua kahawa. Kule Kianjokoma mkulima akifika kiwandani humwaga kahawa yake juu ya gunia, akapiga magoti, akatenga nyekundu, za kijani na zilizokauka, ndipo apimiwe. Kina mama hurudi nyumbani giza limeingia, magoti yakiwauma. Kamati ya kiwanda ilitupa siku moja tu ya kujaribu. Mashine ikichanganya kahawa ya watu, tuibebe na tusionekane tena.

Kazi ya kuchagua chipu, ule ubongo wa mashine, nilijitwalia. Ni zile chipu zinazouzwa bila kazi maalumu, mpaka wewe mwenyewe uziandikie. Nikachagua kubwa kuliko zote nilizoweza kupata, yenye uwezo wa kushughulikia hata picha za televisheni. Niliipenda, sitaficha.

Mwenzangu hakubishana. Alikwenda Kianjokoma, akapiga magoti kwenye gunia pamoja na wakulima, akachambua nao mchana kutwa. Aliporudi aliniuliza tunatenga mafungu mangapi. Nikamwambia matatu.

"Sasa mwalimu, mbona unakodi lori kubeba debe moja?"

Hilo ningelimeza. La pili ndilo lililonimaliza. Alikuwa ameona kwamba kila mota ya kumenyea kahawa inapowashwa, taa za kiwanda hufifia kidogo. Chipu yangu, stima ikiyumba hivyo, husahau kila kitu, kisha huanza kusoma upya kazi yake kutoka kwenye kumbukumbu ya pembeni. Ni kitambo kidogo tu, lakini kahawa haingoji. Mbichi na mbivu zingepita pamoja. Nayajua hayo, nayafundisha kila muhula, ila sikuwahi kwenda kutazama taa za Kianjokoma. Yeye alitaka chipu ndogo, ile inayotunza kazi yake ndani yake yenyewe na kuamka papo hapo. Nilinuna siku mbili, kisha nikaibadilisha.

Siku ya jaribio mota iliwashwa, taa zikafifia, na mimi nikafumba macho. Nilipoyafumbua, mashine ilikuwa inaendelea kutenga. Nyanya mmoja, mwenye kahawa hiyo, aliliinamia fungu la nyekundu na kulichakura kwa vidole bila haraka. Akaibuka na tunda moja lenye ukijani upande mmoja. Kamati nzima ikamtazama. Aliligeuza kwenye mwanga.

"Hili hata mimi ningelipitisha," akasema.

Alipomaliza kupimiwa, alilikunja gunia lake la kupigia magoti, akalitia kwapani, akaenda nyumbani jua likiwa bado juu.