Prisca, Mke Mdogo Aliyezuru Makanisa

Prisca alipoolewa na Mihayo alijua anakwenda kuwa mke wa pili, na alijua kanisa lake lingesema nini. Alikuwa amebatizwa na kupata kipaimara huko kwao Kahama, kabla wazazi wake hawajahamia bonde la Usangu na ng'ombe wao. Lakini baba yake alikwisha kupokea mahari, Mihayo mwenyewe alikuwa mtu mpole, na binti wa umri wake hakuulizwa mara mbili.

Mihayo hakuwa Mkristo, wala mke wake mkubwa, Mama Masanja. Hata hivyo hakuna aliyemzuia Prisca kusali. Kila Jumapili alikwenda kwenye kanisa dogo la kigango chao, upande wa Ubaruku, akafagia, akapanga maua altareni, akatoa sadaka kama wengine. Alichokosa ni Komunyo. Katekista Gerson alimweleza kwa upole kwamba maadamu anaishi na mume aliye na mke mwingine, hawezi kupokea. Paroko wa wakati ule alimshauri arudi kwao. Prisca alilifikiria shauri hilo kwa muda mrefu. Ila alipojifungua binti yake wa pekee, Blessing, aliugua hata maziwa yakakauka, na Mama Masanja ndiye aliyemlea mtoto mgongoni kwake mpaka mama mtu alipopona. Prisca alimjibu paroko kwamba hajui mtu anaanzaje kuondoka katika nyumba kama hiyo. Paroko hakumkaripia, na mambo yakabaki hivyo miaka mingi.

Kigango ni kidogo na watu wanajuana. Wakati wa Komunyo watu walikuwa wakiondoka kwenda mbele benchi moja baada ya jingine, na waliobaki walijulikana: watoto, vijana wawili watatu wenye makosa yao, na Prisca. Hakuna aliyemcheka. Lakini waliorudi kutoka altareni walimpita wakiwa wameinamisha macho, naye akazoea kutazama mikono yake mpaka wimbo uishe.

Safari zake zilianza kwa bahati tu. Alikuwa akipeleka mchele Iringa kwa Naima, mwanamke wa Kiislamu mwenye duka Mlandege, ambaye babu zake walitoka Kilwa. Jumamosi moja lori aliloahidiwa kurudi nalo liliharibika, ikabidi alale kwa Naima. Alfajiri, baada ya adhana, Naima alimletea maji ya kuoga na kumwambia kwamba kanisa kuu la Wakatoliki halikuwa mbali, asikose Misa kwa sababu ya lori la watu.

Prisca aliingia kanisa kuu la Iringa akiwa na kanga ya kuazima. Kwanza alitishwa na ukubwa wake. Akakaa nyuma. Wakati wa Komunyo ulipofika watu walitoka, na yeye akabaki, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyejua kwa nini amebaki. Mama mmoja aliyekuwa naye benchi moja pia hakwenda. Alisogea kidogo tu ili Prisca apate nafasi ya kupiga magoti vizuri. Prisca alilia pale mpaka kwaya ilipomaliza. Aliporudi Mlandege Naima aliona macho yake mekundu, akadhani kuna mtu kamtukana. Prisca alimweleza kwamba alikuwa hajui kama alikuwa amechoka kiasi kile.

Tangu hapo, kila baada ya mavuno, na wakati mwingine katikati, alikuwa akiomba ruhusa. Alikwenda Tosamaganga, akakaa mchana kutwa katika kanisa la zamani la misioni. Alikwenda Mafinga, kisha Igowole, ambako baridi ilimfanya ajifunike shuka ndani ya kanisa na hakuna aliyemshangaa, maana wengi walijifunika hivyo hivyo. Hakuwa na utaratibu mkubwa. Alifuata Njia ya Msalaba taratibu, akapiga magoti mbele ya tabernakulo, akawataja watu wake kwa majina, Mihayo kwanza, Mama Masanja akifuata. Jamaa za mume walianza kunung'unika kwamba mwanamke hazururi hivyo. Mihayo aliwajibu kwamba anayekwenda kusali hurudi, na wa kwake alikuwa akirudi siku zote.

Mbeya ndiko yalikomkuta. Ilikuwa sikukuu ya mtakatifu somo wa kanisa kuu, watu walijaa hadi nje, na Prisca alibanwa katikati ya benchi. Komunyo ilipofika waliokuwa upande wake wote wakainuka, naye akainuka ili wapite. Mlinzi wa zamu akamwonyesha njia, watu wakaja nyuma yake, na alipotanabahi alikuwa ndani ya foleni. Angeweza kutoka mapema. Hakutoka. Alisogea hatua kwa hatua akijua kwamba padri yule hamfahamu, kwamba inatosha kufungua mdomo. Alipobakiwa na watu wachache mbele yake, alijiondoa, akapita kando ya nguzo, akatoka nje kabisa, akakaa kwenye ngazi.

Kumbe Evarista alikuwepo. Evarista alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao, amekuja na kina mama wa parokia. Kutoka alikokaa alimwona Prisca kwenye foleni. Nguzo ikamzuia kuona alivyotoka. Alirudi kijijini na habari, na haikuwa habari ya uongo kwa alivyoiona. Haikuchukua muda watu wakasema sasa wamejua kwa nini mke mdogo wa Mihayo anapenda makanisa ya mbali: anakwenda kuiba kule anachonyimwa hapa.

Aliitwa mbele ya halmashauri ya kigango. Alikiri kwamba alipanga foleni, akasema hakupokea. Wazee walitazamana. Katekista Gerson alitaka kumwamini lakini hakuwa na ushahidi, na mwisho waliamua apumzike kufagia kanisa na kupanga maua mpaka paroko apatikane. Hilo la maua lilimuuma kuliko yote.

Paroko mpya, padri kijana aliyetoka upande wa Ludewa, alimsikiliza akiwa peke yake. Alimuuliza swali moja tu: kama alikwisha kufika pale, na hakuna aliyemjua, kwa nini alirudi?

"Nilitaka nipewe, Baba," akasema. "Kuchukua mwenyewe sikutaka."

Padri alimwamini. Aliiambia halmashauri kwamba mama yule hana kosa la kuadhibiwa, naye akarudishiwa kazi ya maua. Lakini neno likishatoka halirudi mdomoni. Evarista aliendelea kusema kwamba macho yake hayana ugonjwa, na wawili hao wakawa wanasalimiana kwa kichwa tu.

Muda si mrefu safari zilikoma zenyewe. Mihayo alianguka zizini kwa kiharusi, na upande mmoja wa mwili ukafa. Wake zake walimuuguza pamoja msimu mzima wa kilimo. Mama Masanja alimgeuza, Prisca alimlisha. Siku nyingine walibadilishana. Blessing, aliyekuwa ameolewa Makambako, alikuja na kurudi. Masanja, mtoto wa mke mkubwa, alishika mashamba. Katika miezi ile Prisca hakukanyaga hata kigango, na baadaye alisema hakuwahi kusali vizuri kama pale pembeni ya kitanda, na bakuli la uji mkononi.

Mihayo alifariki mpunga ukiwa unaiva. Watu walikuja wengi. Evarista naye alikuja, akajifunga kanga kiunoni na kusonga ugali wa msibani tangu mwanzo hadi mwisho. Naima alitoka Iringa na mumewe Habibu.

Baada ya matanga paroko alimweleza Prisca kwa staha kwamba zuio lake limeondoka; akiwa tayari, aje kwenye kitubio. Kijiji kizima kilitegemea kumwona mbele Jumapili inayofuata. Hakwenda. Wiki zikapita, akawa anabaki kwenye benchi lake kama zamani. Wengine waliudhika, wakaona anaringa.

Ukweli aliutoa Mlandege, alipopeleka mchele mpya. Alimwambia Naima kwamba kila akitaka kwenda anahisi kama anafurahia kifo cha mumewe. Alichokisubiri miaka yote kimepatikana kwa sababu Mihayo yuko kaburini, atafunguaje mdomo?

Naima aliacha kupima mchele. Alikuwa amempenda Mihayo kwa jinsi alivyomruhusu mkewe kusafiri kwenda kusali.

"Mama Blessing, hukumwombea afe," alisema. "Wewe ulimlisha. Mungu amechukua kilicho chake, na sasa anakupa. Usimkatalie mkono."

Prisca alikwenda kwenye kitubio katikati ya juma. Kesho yake asubuhi palikuwa na Misa ya kawaida kigangoni, watu wachache, bila kwaya. Mama Masanja alisema haruhusu mdogo wake aende peke yake siku kama hiyo, akafuatana naye. Walikaa nyuma, Mama Masanja akisimama watu wanapokaa na kukaa wanaposimama. Prisca alikwenda mbele akapokea. Hakulia, kinyume na alivyotarajia. Alirudi, akapiga magoti, na alichokuwa akikisikia zaidi ni pumzi za mke mwenzake pembeni yake.

Njiani kurudi, Mama Masanja alisubiri mpaka wakavuka mfereji.

"Ina ladha gani?" akauliza.

"Haina ladha, dada."

Mama Masanja alitafakari. "Basi ni chakula cha watu wenye subira," akasema, wakaendelea na safari.

Siku hizi wajane hao wawili husafiri pamoja. Mama Masanja hajabatizwa wala hajasema atabatizwa. Anapenda majengo, na ana maoni yake: Mbeya wanaimba vizuri, Tosamaganga pana utulivu, Igowole waongeze chai. Yeye huchagua siku na kubishana na makondakta. Prisca huongoza kanisani.

Evarista hajaomba radhi mpaka leo. Lakini mwezi uliopita, Prisca alipokuwa akifunga mzigo wa kwenda Iringa, Evarista alipita getini na kusimama kwa nje. Mwanawe Rabson alikuwa machimboni Chunya, simu haipokelewi, na mama mtu hakujua kama ni mzima. Hakuweza kulisema lote. Aliuliza tu kama huko waendako kuna nafasi ya jina moja zaidi kwenye sala.

Prisca alimkaribisha ndani, akamwekea kigoda, akamwomba amweleze mtoto huyo yukoje.