"Taught" Mbele ya Jeneza

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anafundisha Kiingereza mjini Arua. Simpendi. Nilijilazimisha miaka mingi, nikaacha siku tuliyomzika baba, nyumbani kwetu Ludara.

Baba alikuwa mwanajeshi, kisha fundi cherehani. Wazee wenzake wa jeshini walikuja wengi, na wote Kiswahili wanakijua. Nilitaka kumuaga baba kwa Kiswahili hichohicho. Wifi akanivuta pembeni.

"Iko wageni ya Kampala," akasema. "Sema Kingereza, usitutie haya."

Nikakubali. Sikuwa na nguvu ya kubishana siku ile.

Nikashika maikrofoni, nikasema, "My father teached me to sew." Kabla sijaendelea, sauti ya wifi ikatoka viti vya mbele, ileile ya darasani: "Taught."

Akarudia taratibu, kama anayemsomea mtoto imla. "Taught. Haya, endelea."

Wageni wa Kampala wakacheka chinichini. Yote niliyokuwa nimepanga yakanitoka: jinsi baba alivyonishika vidole sindano isinichome, jinsi alivyoimba akipiga pasi suruali za watu. Nikarudisha maikrofoni, nikakaa. Baba akateremshwa kaburini bila neno la binti yake.

Baadaye nilimkuta wifi nyuma ya jiko, anakula. Nikamwuliza kwa nini amenifanyia vile.

"Mimi nilikusaidia tu," akasema, bila kuacha kutafuna. "Makosa iko makosa, hata kwa matanga."

"Toka kwa nyumba ya baba yangu."

Akatabasamu, akidhani ni uchungu wa msiba. Nikaitoa sahani mkononi mwake, nikawamwagia kuku. Hapo akasimama.

Mume wangu aliniomba nimtake radhi dada yake. Nilikataa. Ndugu zao walikuja Koboko, tunakoishi na mume wangu, kutupatanisha. Niliwapikia, wakala vizuri, nikakataa tena. Mwaka jana wifi alituma kitambaa nimshonee gauni la harusi ya bintiye, eti kwa kuwa mkono wangu anauamini. Nilikirudisha kilivyokuja, hata kamba sikuifungua.

"Una moyo mgumu," mume wangu akaniambia.

"Ninao," nikamjibu. "Mwambie hivyo."

Harusi ilifanyika Arua. Mume wangu alikwenda peke yake, nami nikashinda shambani nikipalilia karanga.