Nilimwita Mjomba Mtu Kikaoni

Kosa ni langu, wala simtafuti wa kumsukumia. Nyumbani nimeshalisema hadi wamenichoka, na mashoga zangu nawaonea haya. Basi acha niwaambie ninyi msionijua.

Nina kituo cha kulelea watoto mchana, chumba na kiuwanja nyuma ya maduka ya Kariakoo. Asubuhi wafanyabiashara wananiachia watoto, jioni wanawachukua. Ukiingia tu ulikuwa unakutana na cheti changu cha ulinzi wa mtoto ukutani. Kilikuwa kimekwisha muda siku nyingi, lakini nani anasoma tarehe!

Mwaka jana watu wa ustawi wa jamii walituita Ilala kuyarudia yale mafunzo, siku mbili nzima. Sikukuu ilikuwa inakaribia, watoto wamejaa hadi mlangoni. Nikampigia mwenzangu mwenye kituo mtaa wa pili.

"Shoga, niandikie na mimi jina. Nimelea watoto hadi nywele zinaota mvi, watanifundisha nini?"

"Haya, ila wanasema kuna mambo mapya."

"Utanisimulia."

Hakunisimulia, na mimi sikumuuliza.

Sasa kulikuwa na binti wa miaka minne, nitamwita Zawadi. Mama yake alikuwa na meza ya viatu barabarani. Mjomba wake, waliyekuwa wakiishi naye, ndiye aliyekuwa akimleta na kumchukua. Kijana mpole, shikamoo haimkauki mdomoni.

Zawadi akaanza kuja na sweta. Joto la Dar mnalijua! Sisi tunajipepea na vipande vya maboksi, yeye kafunga sweta hadi shingoni. Siku moja akamwagikiwa uji, nikamvua. Mungu wangu! Mikono yote alama za waya, nyingine kavu, nyingine mbichi.

"Anko ananichapa nikikojoa," akaninong'oneza. "Usimwambie, Anti."

Nikamwahidi. Jamani, nilimwahidi!

Nilichofanya ndicho walichokuwa wakifanya mama zetu. Nilijisemea hii ni familia, na mambo ya familia yanamalizwa kwa kukaa chini. Kesho yake jioni nikawaita mama na mjomba mtu. Tukakaa kwenye viti vidogo vya watoto, nikamsimamisha Zawadi katikati yetu.

"Sema, mwanangu, usiogope. Nani kakuchapa?"

Akamtazama mjomba wake. Kisha akanitazama mimi, na yale macho ninayo hadi leo.

"Nilianguka."

"Watoto hawa, Anti," mjomba akacheka. Mama mtu akamwomba radhi ndugu yake kwa kusingiziwa. Na mimi, mjinga mimi, nikasema basi yaishe, nikawapa mikono.

Kesho hakuja. Keshokutwa hakuja. Nikaenda kwenye meza ya viatu, nikakuta mtu mwingine anauza mikoba. Simu ya mama haipatikani. Huyu anasema wamehamia Kigamboni, yule anasema wameenda mkoani.

Ndipo nikakumbuka kwenda ustawi wa jamii, mahali nilipopaswa kwenda siku ile ile ya uji. Dada wa pale aliandika yote, kisha akafungua daftari la mafunzo.

"Mbona jina lako lipo, mama? Siku ya pili tulizungumza hili tu. Mtoto akikuambia, usimhoji mbele ya watu, usimwite mtu wa nyumbani kwake, njoo kwetu siku hiyo hiyo."

Nikamwambia sikuwepo. Hata hakunigombeza. Afadhali angenigombeza!

"Tunamtafuta," ndivyo anavyonijibu kila nikienda. Nimevuka kwa kivuko cha Magogoni sijui mara ngapi, nazunguka mitaa ya Kigamboni nikimtazama kila mtoto aliyevaa sweta. Nikimwona nitafanya nini? Sijui. Sina la kufanya, na kukaa nako siwezi.

Kile cheti nimekishusha. Nimeenda mafunzo mapya, nimekaa mbele, nimeandika kila neno. Yanamsaidia nini Zawadi?

Ninyi mnaolea watoto wa watu, msijidanganye kwamba uzoefu unatosha. Mkiitwa nendeni, hata kama mnafunga kituo siku mbili na wazazi wananuna. Maana mtoto hasemi mara mbili. Yule wangu alikusanya nguvu zake zote akasema mara moja, akaniambia mimi, nami nikamwonyesha kwamba bora angenyamaza.