Jirani Anayezima Majaribio Mapema

Jirani yetu wa mtaa wa Kyebando anaifundisha kompyuta yake moja kuelewa Kiswahili cha Wakongomani, ili wagonjwa waeleweke kwenye zahanati. Hangoji kila jaribio lifike mwisho. Huanzisha mengi kwa mipangilio tofauti, huyapa sauti chache za kujifunzia, kisha, huku akiimba, huyazima yaliyo dhaifu kwa kidole chake chembamba, nguvu za mashine ziende kwa yanayofanya vizuri.

Jana mchana, lilipobaki jaribio moja, alimwita Mama Hortense, Mkongomani muuza vitenge.

“Mama, sema chochote.”

“Niseme nini? Mutoto wa Reine amezaliwa muzima.”

Maneno yakatokea kwenye kioo cha kompyuta, “mutoto” vilevile alivyolitamka. Mama Hortense akayasoma kwa sauti. Jirani yetu akavua viatu, akamshika mikono, wakacheza.