Mbuzi wa Jirani

Kiwandani wanamwita Rudisha, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa. Kazi yake ni kukagua madumu ya plastiki. Dumu likimfikia analijaza upepo, analizamisha kwenye beseni la maji, na likitoa kapovu hata kadogo namna gani anapaza sauti: "Rudisha!" Linarudi kuyeyushwa. Nyumbani ni hivyohivyo. Nikimpa chai, anageuzageuza kikombe kwanza anatafuta ufa. Mimi ni shangazi yake, nimemlea tangu mama yake alipofariki, na haki ya Mungu kuna siku nilitaka kumrudisha yeye.

Basi mkuu wa ukaguzi alipostaafu, Rudisha ndiye aliyekaimu. Wakubwa wakamwambia cheo ni chake, ila alete shahada. Shahada ya nini? Ya uhakikisho wa ubora. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. "Kumbe na kuangalia dumu linalovuja kuna shahada?" Hakucheka. Alijiandikisha chuo kimoja cha mtandaoni, chuo kisicho na geti wala kengele, ikawa akitoka kazini tu anafungua kompyuta anawasikiliza walimu asiowajua hata wanakaa wapi. Miaka ikapita hivyo, nami nikazoea kupika peke yangu.

Aliyefurahi kupita wote ni kaka yangu, baba yake. Kaka alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno na utani, mpaka kiharusi kilipompiga upande mmoja. Mkono ukafa, mguu ukafa, ulimi ukawa mzito. Masikio yakabaki mazima, na utani ukabaki. Binti akisoma, yeye yuko kitandani anafuata somo lote, halafu ananiambia kwa maneno ya kukatikakatika: "Leo... tumefundishwa sampuli." Tumefundishwa, eti! Na kweli walisoma pamoja, maana nyumba yetu ni vyumba viwili, na mtandao unashika chumba cha kaka tu, pale dirishani.

Ukabaki mtihani wa mwisho. Akifaulu, cheo chake. Akiukosa, asubiri mwaka unaofuata, na kiwandani walishasema hawatangoja. Kulikuwa na mtu wa nje anakimezea mate hicho cheo. Mtihani wenyewe ni wa kuchungwa: msimamizi yuko huko aliko, anakutazama kwenye kamera, na kabla hujaanza unamzungushia kamera chumba chote aone kuta na chini ya meza, ahakikishe uko peke yako.

"Na baba yako je?" nikamuuliza.

"Tutampeleka kwa jirani."

"Si umwambie tu huyo msimamizi kuna mgonjwa? Mficha uchi hazai, mwanangu."

"Shangazi, kanuni hairuhusu. Akionekana mtu wanafuta mtihani."

Mimi na kanuni za kompyuta wapi na wapi.

Siku ya mtihani ikanyesha mvua kama imetumwa. Kumtoa kaka nje haiwezekani. Chumbani kwangu bati linavuja hadi kitandani. Rudisha akawa anazunguka tu, saa inakaribia. Ndipo kaka mwenyewe akasema: "Niacheni... Nitanyamaza." Tukafunga kamba, tukatundika shuka mbele ya kitanda, kwenye kamera lionekane kama pazia la ukutani tu, nami nikatoka nikakaa mlangoni chini ya paa, nizuie mtu asije akapiga hodi.

Mwanzoni mvua ilikuwa inapiga bati, sikusikia neno. Baadaye ikapungua, nikawa nasikia vidole vyake vikigonga kompyuta. Nikaanza kumshukuru Mungu, na hapo nilikosea, maana kaka alikohoa.

Kikohozi chake si cha kuficha. Kinaanzia tumboni, kinapanda kinakwaruza mpaka juu. Ikatoka sauti ya mwanamke kwenye kompyuta, sauti laini ya mtu aliyeketi pakavu: "Samahani, kuna mtu mwingine humo ndani?"

"Hapana," akasema Rudisha.

"Nimesikia kama mtu anakohoa."

"Hakuna mtu. Ni mbuzi. Mbuzi wa jirani, amejikinga mvua hapa dirishani."

Loo! Nilijiziba mdomo kwa mikono yote. Mbuzi! Baba mzazi, aliyemshonea sare za shule tangu la kwanza hadi la mwisho, leo mbuzi, tena wa jirani! Nikajua tumekwisha.

Ndipo nyuma ya shuka ikatoka: "Meee."

Kwa ulimi ule mzito ilitoka sawasawa, mbuzi mwenyewe angeitikia. Akarudia, safari hii akaivuta: "Meee-eee." Msimamizi akacheka. "Naona ana njaa huyo. Haya, endelea."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kaka yangu, mtu ambaye zamani hakukanyaga nje bila shati lililopigwa pasi! Hasira zikanipanda, nikanyanyuka nimvamie yule binti, nikakumbuka kamera, nikakaa tena. Machozi yakawa yananitoka pale nje nayaacha tu, maana mvua ilikuwa inanilowesha hata hivyo.

Alipomaliza niliingia nimejaa maneno. Nikamkuta amepiga magoti, kichwa amekiegemeza kwenye ule mkono wa baba yake uliokufa. "Baba, nisamehe. Nisamehe, Baba." Kaka alikuwa anatabasamu kwa nusu ya uso iliyobaki.

"Lile swali la sampuli... limetoka?" Ndilo alilouliza, hakuna jingine. Maneno yangu yote nikayameza.

Alifaulu, tena vizuri. Cheo akapewa. Majirani wakaja kutupongeza, soda zikafunguliwa, chumba cha kaka kikajaa watu hadi mlangoni. Jirani wa ukuta wa pili, ambaye hata kuku hafugi seuze mbuzi, akamgeukia kaka. "Mzee, hongera! Nasikia shahada mmesoma wawili. Siku ya mtihani ulimsaidiaje mwanao?"

Watu wakatulia kumsubiri, maana maneno yake huchelewa. Nikamtazama Rudisha, uso umesawijika. Kaka akameza mate.

"Mimi?" akasema. "Nilinyamaza tu."

Wakapiga makofi. Rudisha akaweka chupa chini, akatoka.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, uso ameuelekeza ukutani. Roho ikaniuma. Nikamwambia basi, mwanangu, yamepita, kanuni ilikubana, ungefanyaje. Akatikisa kichwa.

"Hakukuwa na kanuni ya kumkataza mgonjwa, Shangazi."

"Unasemaje?"

"Ile niliyokwambia niliitunga. Na siku ile, kabla ya kuanza, yule mama msimamizi aliniuliza. Akasema kama kuna mgonjwa au mtoto mchanga humo ndani niseme tu, ataandika, haina shida. Nikamwambia niko peke yangu." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nyuma yake kulikuwa na ukuta mweupe, na maua mezani. Nikawaza atataka kumwona Baba. Ataona kile kitanda, ataona beseni la haja, ataona Baba anavyotokwa na mate. Sikuogopa kufutiwa mtihani. Nilimwonea aibu baba yangu."

Mimi huyu, mdomo wangu hauna breki, watu wote wanajua. Nilishaufungua nimgombeze, ndipo nikakumbuka kitu. Kompyuta ile ilikuwa inasema kwa sauti, vya kuvaa masikioni walivikataza. Na kaka alikuwa palepale nyuma ya shuka, masikio mazima. Alisikia mwanawe anavyoulizwa kwa upole. Alisikia alivyojibu. Hayo yote aliyasikia kwanza, ndipo akalia kama mbuzi.

Nikamwacha pale ukutani nikarudi ndani. Wageni walikuwa wameanza kuaga. Kaka akanishika gauni kwa mkono wake mzima, akanivuta mpaka nikainama.

"Amekwambia?"

"Ameniambia."

Hasira zilikuwa zimenijaa usoni, naye akaziona, ananijua tangu tukiwa wadogo. Hakuniachia gauni.

"Usimgombeze," akasema. "Ningekuwa yeye... hata mimi ningesema mbuzi."