Bibi Hakusimulia Mchana

Nilikuwa mtoto wa miaka saba hivi, tukikaa chumba kimoja, mimi, mama na bibi mzaa mama, katika nyumba ya wapangaji Kariakoo, na kila usiku bibi alinisimulia hadithi moja ndefu, kipande kwa kipande, ya binti aliyeshuka kisimani kufuata sauti ya mdogo wake. Usiku tu. Kwao kusini, alisema, mtoto anayesikiliza hadithi mchana humuua mama yake. Hakuwa akitania. Mimi niliamini, na nimesoma mpaka kidato cha nne na bado sijui kama nimeacha kuamini.

Miaka ile ya Ujamaa wasio na kazi ya kutambulika walikuwa wakiondolewa mjini wakalime vijijini. Bibi aliuza vitumbua barazani. Hiyo haikuhesabika kazi. Asubuhi moja mjumbe wa nyumba kumi akaingia uani, jirani yetu kabisa, vitumbua vyenyewe alikuwa anavila kila siku, hakuweza hata kumtazama bibi usoni.

"Shikamoo, bibi. Jina lako limo. Lori linaondoka Mnazi Mmoja saa saba."

"Marahaba. Na kesho vitumbua utakula vya nani, vya Chama?"

Mama alicheka huku analia, anafunga mizigo. Mimi nilichofikiria, Mungu anisamehe, ni kisima. Binti alikuwa ameshafika chini, ameshika mkono wa mdogo wake, maji yanapanda. Nikamng'ang'ania bibi kanga, amalizie, amalizie sasa hivi.

"Na jua lote hili?"

"Mmalizie mtoto, mama," mama akasema. "Mimi si wa kufa kwa hadithi."

"Waliosema hivyo nimewazika mimi."

"Basi mnong'oneze."

"Kunong'ona si usiku."

Akanishika kidevu, akasema likizo nitamfuata huko, atanimalizia. Akapanda lori. Hata likizo haijafika, ikaja barua kwamba ameshazikwa.

Na mama akafa vilevile. Mwaka uleule, kwa uzazi, na kichanga naye. Yaani bibi alifunga mdomo kumwokoa mwanawe, na mwanawe hakuokoka, na hadithi ikaenda kaburini bure.

Nimeuliza sana. Bi Mwanahawa, Mzaramo wa chumba cha mbele, aliniambia hata kwao ipo, ila kwao ni mvulana, na ni shimo la nungunungu, na wote wanafia humo. Mmakonde mmoja muuza mihogo sokoni anajua wimbo wa hadithi hiyo tu. Kila mtu ana kipande cha kwao, na hakuna kinachoungana na cha bibi.

Sasa nina binti wa miaka minne. Nilimwanzishia, sijui kwa nini, nilitaka tu awe na kitu cha bibi yangu, na nikafika palepale. Jana adhuhuri, ninafua, akaja akasimama mbele yangu.

"Mama, wakatoka?"

Mama wa kufa sasa ni mimi, na mtoto huyu hana bibi wa kubaki naye. Nikamwambia angoje giza.

Akaenda kungoja. Alikaa kizingitini analitazama jua, ametulia kabisa, ameniamini, na mimi nikazidi kufua nguo zilizokwishatakata, kwa sababu giza likiingia sina cha kumpa.