Mwajabu Darasa la Sita

Siku tuliyomzika mke wangu, watu wawili walisimama nyuma yangu wakazungumza habari za tangi. Udongo ulikuwa bado haujarudishwa wote. Mmoja akasema, "Mungu amrehemu, lakini tangi lile alitukosesha." Mwenzake akaitikia, "Alitukosesha kweli."

Sikugeuka. Kaburini hapagombwi. Sasa niko nyumbani kwangu, nagomba.

Jina lake Mwajabu. Alizaliwa upande wa Kolo, nikamwoa, nikamleta huku kwetu Busi, milimani. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini. Ukimkosea hakupigii kelele. Anakuja kwako, anakaa chini, anasuka kikapu chake, anangoja. Hilo liliwashinda wengi. Fundi aliyetuezekea nyumba vibaya alikaliwa hivyo siku nzima, mpaka akapanda juu mwenyewe kurekebisha bila kuambiwa neno.

Watoto wengine tuliwazika. Aliyebaki ni Munira.

Mimi sikusoma, naye hakusoma. Munira alipofikia umri wa shule, Mwajabu alimshika mkono mpaka mlangoni kwa mwalimu, akasema, "Huyu ndiye atakayetusomea." Akarudi nyumbani, akalima huku anaimba. Miaka ikaenda. Asubuhi mtoto anaondoka, mchana anarudi, sare ina vumbi, mikono ina malengelenge. Tukadhani ndivyo kusoma kulivyo. Tungejuaje?

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mnadani walikuwa wamejaa watu wa kila mahali, wanauza kila kitu: vitenge, redio, betri, dawa za mahindi. Mwajabu akanunua pakiti ya dawa ya kuua dumuzi ghalani. Muuzaji alikuwa na haraka, hakueleza. Tukasema si neno, Munira yupo, yuko darasa la sita.

"Soma hapo," mama yake akamwambia. "Inawekwa kiasi gani, na mahindi yakae muda gani ndipo yaliwe."

Munira akaigeuza pakiti. Akaigeuza tena.

"Da... dawa."

"Dawa najua, nimeinunua mimi. Endelea."

 Machozi yakamdondoka mtoto juu ya pakiti. Mwajabu akaichukua taratibu, akaipachika juu kwenye paa, mbali na chakula.

"Huko shuleni mnafanya nini?"

"Tunajaza viriba."

Ndipo tukaelezwa. Kulikuwa na mradi. Watu wa magari waliona milima yetu imekatika makorongo, wakaona watoto ndio wa kuiokoa. Shule ikapewa majembe na matoroli, ikaahidiwa tangi kubwa la kuvuna maji ya mvua. Kwa hiyo Jumatatu ni samadi, kila mtoto na ndoo yake. Jumanne ni viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Siku nyingine ni kuteka maji mchangani, korongoni, na kupandisha mlima kumwagilia kitalu. Halafu mashimo. Halafu mawe ya makinga maji. Mvua ikipita juu bila kunyesha, miche inakauka, watoto wanajaza viriba upya.

Na ng'ombe walikuwa wamekwisha kuondolewa huku kwetu, ili ardhi ipone. Samadi watoto waipate wapi? Walishuka mpaka bondeni, kwenye mazizi ya watu, kwa miguu, na ndoo kichwani. Asiyeleta alichapwa.

Mwajabu akasema, "Kwa maalim wa Kurani mtoto hamalizi mwaka, nikipita nje nasikia sauti yake anasoma. Hawa wako mwaka wa sita, nasikia majembe."

Kesho yake akachukua kikapu chake cha kusuka akaenda shuleni.

Mwalimu mkuu alikuwa Mwalimu Cornel. Si mtu wa huku, lakini alikaa sana kwetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Naona darasani hakuna watu."

"Wako kwenye mradi."

"Wanarudi saa ngapi?"

"Wakimaliza."

"Basi nawangoja." Akaingia darasa la sita, akakaa chini nyuma kabisa, akatoa ukindu wake.

Watoto walirudi jua la utosi. Mwalimu akaandika ubaoni, wakanakili, kengele ikalia. Njiani Mwajabu akamwuliza Munira ubao ulisema nini. Munira akasema mwalimu aliusoma mara moja: Faida za Miti.

Akaenda tena kesho, na kesho kutwa. Watoto wakaanza kumcheka. Mwalimu Cornel naye akajaribu mzaha.

"Mama Munira, umekuja kukagua?"

"Sina cheo cha kukagua. Nakaa tu."

"Utamaliza lini?"

"Nikisikia mtoto anasoma."

Munira aliona haya. Nyumbani akamwambia mama yake, "Mama, wananiita mtoto wa mkaguzi."

"Wakuite watakavyo. Aibu ni ile pakiti iliyoko juu."

Alikaa mpaka Mwalimu Cornel akaitisha kikao cha wazazi. Mwenyekiti wa kijiji, Shaaban, akawa mbele. Mwalimu akalalamika: kuna mzazi anazuia kazi, na mashimo yasipokwisha kabla ya mvua, wafadhili wataondoka na tangi lao.

Mwajabu akasimama. Hakuwa na kawaida ya kusimama mbele ya watu. Akasema, "Mimi sikatai miti. Jembe la Munira nipeni mimi. Yeye akae darasani mpaka afanye mtihani wa la saba. Mashimo yake nitachimba."

Shaaban akacheka. "Haya, mama kaandikishwa shule."

Lakini Anyesi, jirani yetu, mwanamke wa maneno, akasimama naye. "Na la mwanangu nipeni." Akafuata mwingine. Mwalimu Cornel akaandika majina yao. Alitaka mashimo, akapata wachimbaji.

Wakachimba. Kila asubuhi akina mama walipanda mlima na majembe ya shule, na watoto wakaingia darasani. Wanaume waliokaa dukani walikuwa wakiwatania.

"Nyie, mko darasa la ngapi?"

"La sita," Anyesi akawajibu. "Wewe ndiye bado uko darasa la vidudu."

Shuleni alikuwepo mwalimu msichana, Ruthu, mgeni kazini. Alikuwa amechoka kupelekwa kusimamia toroli. Alipopewa watoto, akawafundisha. Mwajabu akiwa shimoni alisikia darasa zima linaitikia hesabu, akaacha jembe, akasikiliza. Jioni hiyo aliniambia, "Baba Munira, leo nimewasikia." Basi.  Alipika huku anatabasamu.

Mwaka ukaisha hivyo, Munira akaingia la saba. Mwezi wa mtihani ulipokuwa umekaribia sana, wakaja wageni.

Aliyewaleta ni Bwana Anyitike, mtu wa ofisi ya mradi Dodoma mjini, mwenye kofia na kamera. Wageni walikuwa wawili, Wazungu, mume na mke. Wakapandishwa mlimani. Wakakuta mashimo ya msimu mpya yamepangwa vizuri, na akina mama mpaka kiunoni ndani ya ardhi.

Anyitike akatazama huku na huku. "Watoto wako wapi?"

"Darasani," Mwajabu akajibu.

"Waiteni basi."

Mwalimu Cornel akamsogelea Mwajabu, jasho linamtoka. Nilikuwepo, tumeitwa wote kupokea wageni. "Mama, nakuomba. Nusu saa tu. Washike majembe, wapigwe picha, warudi."

"Nusu saa yako naijua, mwalimu. Ilikula miaka sita."

Anyitike akaja kwa upole. "Mama yangu, elewa. Mradi huu ni wa watoto na mazingira. Si wa akina mama na mazingira."

Wanawake wakaangua kicheko. Mwajabu hakucheka. Akasema, "Mche unataka shimo. Umri wa aliyechimba hauulizi."

"Lakini waliotoa fedha wanataka kuona watoto."

"Wapeleke dirishani. Watawaona wanasoma. Hiyo picha mbaya?"

Hapo Shaaban akatoka mbio mwenyewe kuwaita. Akakuta mlango umefungwa. Mwalimu Ruthu alikuwa ameusukumia dawati kwa ndani. Shaaban akagonga. Ndani wakaendelea: tatu mara nane, tatu mara tisa. Akagonga kwa ngumi. Tatu mara kumi.

Wageni wakaongea na Anyitike kwa Kiingereza, wakapiga picha mashimo, wakapiga picha korongo, wakaingia garini. Yule mwanamke aliwapungia akina mama mkono. Hakuonekana mwenye hasira. Sijui Anyitike aliwaeleza nini.

Tangi lilijengwa shule nyingine, ng'ambo ya bonde. Watoto wa kule ndio waliopigwa picha.

Sasa nisikilize. Miti ile ilipandwa, mvua iliponyesha, na mikono ya akina mama wale wale. Ipo mpaka leo. Lakini kijiji hakikuona miti, kiliona tangi ambalo halipo. Shaaban akasema hadharani kwamba mwanamke mmoja amewanyang'anya maji watu wote. Na akina mama walipokuwa wanachimba maji mchangani kiangazi kile, na ndoo zao zinajaa kwa kikombe, jina lililotajwa lilikuwa Mwajabu. Anyesi aliyecheka naye mlimani akawa anapita mlangoni kwetu bila kupiga hodi. Mke wangu alikwenda kisimani peke yake akarudi peke yake. Hakujitetea. Mara moja tu nilimsikia, anamenya viazi, anasema kama anayesema na viazi: "Tangi lingekuja, wa kuliosha na kulisimamia wangekuwa watoto wale wale."

Matokeo ya la saba yalipotoka, walichaguliwa wavulana wawili kwenda sekondari. Munira hakuchaguliwa. Shaaban alikuja mpaka hapa uani, na kicheko.

"Tangi hakuna, na mtoto hakupita. Mnasemaje?"

"Hakuchaguliwa," Mwajabu akamwambia. "Kusoma anasoma."

Akaingia ndani, akaishusha ile pakiti kutoka juu, imejaa masizi. Dawa ilikuwa imekwisha kuharibika. Akampa Munira, na Munira akaisoma yote mbele ya mwenyekiti, mpaka jina la kiwanda. Shaaban akasema ana haraka.

Haya ninayoyasema anayaandika Munira. Sasa ni mama wa watoto. Nilipotaja jina la Mwalimu Cornel, kalamu ilisita. "Baba, yule bado yu hai."

Nikamwambia andika. Asiye hai ni mama yako.

Mwajabu aliugua kifua. Hospitali tulikwenda, tukarudi, tukaenda tena. Akafa mwezi wa mvua, mahindi yakiwa magotini. Palizi yake hakuimaliza, nikaimaliza mimi.

Baada ya arobaini Shaaban alikuja. Amezeeka, lakini bado yumo kwenye kila kamati. Alikuja na baiskeli, na nyuma ya baiskeli kibao kimefungwa kwa mpira. Akakaa, akanipa pole upya, akasema mazuri ya marehemu. Sijawahi kumsikia akisema mazuri ya Mwajabu. Nikajua lipo jambo.

"Mzee Ibrahimu, kuna mradi mpya. Wamesikia habari ya ile miti. Wameuliza ni kazi ya nani, nikawaambia ni ya marehemu mke wako."

"Vizuri. Ulikawia, lakini vizuri."

"Basi shamba jipya la miti la shule tumeamua libebe jina lake." Akakigeuza kibao. "Shamba la Bibi Mwajabu. Rangi ya kijani, umeona."

Sijui kusoma, lakini niliitazama rangi ile, nikaigusa kwa kidole. Ukiwa na msiba, mtu akikutajia jina lile kwa wema, unalegea.  Kisha nikauliza.

"Atachimba nani?"

"Watoto wa shule."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi asubuhi, wakiwa na nguvu. Alhamisi tunaanza."

"Hawana somo Alhamisi asubuhi?"

"Mzee, ni kazi ya siku chache tu."

 Mimi si mtu wa maneno, maneno yalikuwa ya mke wangu, na hata yeye alikuwa nayo machache. Nikamwambia, "Shaaban. Miaka yote mmemtukana kwa ajili ya watoto kukaa darasani. Leo amekufa, mnataka jina lake liwatoe?"

"Ni heshima, mzee."

"Wachimbe wazazi. Saa za shule zikiisha, nami nitakuja na jembe langu. Hapo kiandike kibao hata pande zote mbili."

Akashusha pumzi kama anayesema na mgonjwa. "Wafadhili hawatapiga picha wazee, mzee Ibrahimu. Unajua wanachotaka."

"Basi hawamtaki Mwajabu."

Akasema msiba umeniharibu akili. Akakifunga kibao chake, maandishi yakiangalia chini, akaondoka.

Alhamisi watoto walipita hapa na majembe, saa za hesabu. Nilisimama mlangoni nikawatazama mpaka wa mwisho. Mjukuu wangu hakuwemo. Alikuwa darasani, na jembe lake lilikuwa begani kwa Munira, anapanda mlima nyuma yao, mtu mzima peke yake kati ya watoto.

Kibao wamekipaka rangi upya. Wameniambia sasa kimeandikwa Shamba la Mzee Shaaban. Sawa. Hilo linakaa vizuri.